Usiiuze meza ya simu

Cheyo, Tabora

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, vumbi tu ndilo limetukaa kooni. Asali nimempa jirani anayekuja huko na treni, dumu la lita 5, mfuate stesheni.

Umeuliza kama uiuze meza yako ya ufundi simu hapo Mwanga, Kigoma, upate ada ya kusomea kompyuta. Usiiuze. Waandika programu wengi hawajui kusaka shoti kwenye bodi, na mafundi wengi hawaandiki programu. Nusu moja unayo tayari. Ya pili jifunzie hapo hapo mezani, kwa kitu ambacho wauza samaki watakilipia: kengele ya friza. Umeme ukikatika usiku, mwenye migebuka hugundua asubuhi. Mtengenezee kifaa cha kumtumia ujumbe.

Vitu vyenyewe: bodi ya ESP32, ambayo ni kompyuta ndogo ya kuendesha programu yako, kipima joto cha DS18B20 chenye waya usioingiza maji, moduli ya SIM800L inayotuma ujumbe kwa laini ya simu, rezista ya kilo-omu 4.7 na kapasita ya mikrofaradi 1000. Betri toa kwenye simu mbovu, mradi haijavimba.

Anza na SIM800L, maana hiyo ndiyo huwakatisha watu tamaa. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, kwa hiyo betri ya simu inaifaa moja kwa moja. Shida ni kwamba ikirusha mawimbi huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Waya ukiwa mwembamba au betri imechoka, volti zinaporomoka, moduli inazima na kuanza upya, na mtu anakesha akibadilisha programu isiyo na kosa. Tazama taa yake: ikimweka kila sekunde 1 inatafuta mtandao, kila sekunde 3 imeshapata. Ikimweka mara chache kisha ikaanza upya, tatizo ni umeme. Kapasita ilehemu karibu kabisa na pini zake. Laini itoe PIN kwanza ukiwa na simu, na ujue moduli hii inatumia mtandao wa zamani wa 2G tu.

ESP32 yenyewe usiipe betri hiyo bila kupandisha hadi volti 5. Kirekebisha volti cha bodi nyingi, AMS1117, humeza karibu volti 1, na bodi inataka 3.3. Kwa kipima joto, rezista ikae kati ya waya wa data na volti 3.3. Ukisoma -127, programu haikioni kabisa: rezista imesahaulika au waya umekatika. Ukisoma 85, ni namba kinayowaka nayo kabla hakijapima. Zote mbili programu izitupe, la sivyo mama wa watu ataamshwa saa nane usiku kuambiwa friza lake linachemka. Wala usitume ujumbe kwa kipimo kimoja, maana mlango ukifunguliwa joto hupanda. Subiri vipimo 3 mfululizo, kimoja kila dakika 5, vyote juu ya nyuzi -10. Akidanganywa mara mbili hatakujali ya tatu.

Kwa kuandikia, laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na programu ya Arduino, ambayo ni ya bure, zinatosha. Mifano usiinakili na kubandika. Iandike kwa vidole vyako. Kila toleo la programu liweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu, pamoja na picha ya waya na orodha ya hitilafu ulizokuta na ulivyozipata. Orodha hiyo mwajiri ataisoma kuliko cheti. Cheti nacho kitafute baadaye: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtaani, waulize hapo Kigoma wanapokea fani zipi.

Kabla hujawasha nipigie picha ya waya. Nataka kuona GND, yaani upande wa hasi, ya betri, ya moduli na ya ESP32 zimeungana. Zisipoungana, moduli na bodi hazitasikilizana hata kidogo.

Msalimie Mama Neema.

Wako,
Baba Shija