Usimcheke mtoto anayesoma komyuniti koleji wakati wa samma

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ila niko huku San Diego, California mwaka wa kumi na nne sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee na gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikiwa brek. Kilichonifanya niandike ni maneno niliyoyasikia kwenye msiba mwezi uliopita, kaka mmoja aliniuliza mbele za watu eti ni kweli binti yangu kadisko yunivasiti, maana ameonekana anaingia komyuniti koleji. Hajadisko. Alikuwa anasoma samma, yaani masomo ya kiangazi, na nilivyomwelewesha nikagundua wazazi wengi wa kwetu, waliopo huku na waliopo nyumbani wanaosomesha watoto huku, hawalijui hili jambo na linawagharimu.

Komyuniti koleji ni chuo cha umma cha miaka miwili, California peke yake vipo 116, na hakiangalii una maksi gani ndo kikupokee, unajiandikisha unaingia. Mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa krediti moja, bei hiyohiyo tangu 2012. Kwa hiyo somo la krediti 3 ni dola 138, weka na vijiada vya afya na paking na kitabu, basi. Somo hilohilo mtoto akilisoma kiangazi kwenye yunivasiti yake ni hela nyingine kabisa, na kwa sisi tunaolipa kwa shifti za usiku hiyo tofauti tunaisikia mwilini.

Sasa waliosoma nyumbani nataka wanielewe hapa. Kwetu ukifeli somo unapiga sapu, unarudi Septemba na mtihani mmoja maisha yanaendelea. Huku sapu hakuna. Ukifeli au ukiacha somo katikati unalirudia lote kuanzia siku ya kwanza, na kama ni somo ambalo mengine yanalisubiri, unaweza kukaa mwaka mzima unalingoja. Samma ndo inayookoa hapo.

Binti yangu ndo yalimkuta. Anataka unesi, na ili uombe kuingia unesi kule anakotaka lazima uwe umemaliza Anatomi, Mikrobiolojia, Kemia na Takwimu. Semesta ya pili baba yake akalazwa wiki tatu, mtoto akawa anatoka darasani anakwenda hospitali, akaona hesabu zinamshinda akaacha Takwimu ili asiharibu GPA. Alifanya sawa. Ila maana yake asingeweza kupeleka maombi ya unesi mwezi wa kumi, angesubiri mwaka mwingine, na mwaka mmoja wa kodi na chakula mji huu si mchezo. Tukakaa mezani, tukaangalia, akajiandikisha Takwimu komyuniti koleji wiki sita, jioni, Jumatatu mpaka Alhamisi, na asubuhi akaendelea na kazi yake dukani. Darasani kwao walikuwa watu kama thelathini, kuna mama wa makamo anabadili kazi, kuna vijana wa yunivasiti waliorudi kwao likizo, na mwalimu anamjua kila mtu kwa jina. Kule kwao yunivasiti Takwimu ilikuwa ukumbi wa watu mia mbili. Mwanangu alikuwa anaogopa kuuliza swali, samma hiyo akajifunza kuuliza, na mimi hilo naliona kubwa kuliko hata krediti zenyewe.

Lakini sitaki mtu akimbilie tu. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilisoma Sosholojia kiangazi kizima, nikapata A, nilipoipeleka chuo nilichokuwa nahamia wakaniambia haina pa kuingia kwenye digrii yangu. Nililia. Hakuna aliyekuwa ameniambia niulize kwanza. Kwa California kuna tovuti inaitwa ASSIST, ni bure, unaweka koleji unayotaka kusoma na yunivasiti ya serikali unayokwenda inakuonyesha somo gani linasimama badala ya lipi. Ukishaona hapo nenda kwa kaunsela wa yunivasiti yako akuthibitishie kwa maandishi KABLA hujalipa, na ukimaliza somo usisahau kuomba transkripti, yaani karatasi rasmi ya matokeo, itumwe, haijitumi yenyewe.

Na kasi yake si ya kawaida. Somo la wiki kumi na nane linabanwa kwenye wiki sita, yaani wiki moja ya samma ni kama wiki tatu, ukikosa siku mbili umeachwa mbali, na siku za kuliacha somo bila kuandikiwa W, ile alama ya kwamba uliacha somo, zinapita upesi sana. Saa tisa za darasani kwa wiki, na za kujisomea nyumbani ni mara mbili yake. Binti yangu alitaka achukue na somo jingine palepale, nikamkatalia. Somo moja linatosha kwa anayefanya kazi, tena asome lile gumu au lile linalozuia mengine, asipoteze samma kwa somo jepesi ambalo linapatikana wakati wowote.

Hela pia watu hawajui. Wenye uraia, grini kadi au waliokuja kama wakimbizi wanaopata Pell Grant, yaani msaada wa ada wa serikali ya Marekani usiorudishwa, tangu 2017 imerudishwa ruhusa kwamba aliyemaliza mgao wake wa mwaka kwenye semesta mbili anaweza kuongezewa hadi nusu ya mgao huo kwa kiangazi, ila awe amejiandikisha angalau krediti 6. Kuna ndugu zetu Wakongomani hapa City Heights, mtaa wa hapa San Diego, wana haki hiyo na hawajawahi kuiuliza.

Kwa wazazi mlioko Dar au Arusha wenye watoto wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, kiangazi kwa aliyekwishasoma mwaka mzima ni likizo yake, halazimiki kusoma, lakini anaruhusiwa kuchukua somo. Hatalipa zile dola 46 tu, atalipa na ada ya wageni ambayo ni kubwa zaidi kwa mbali, kwa hiyo pigeni hesabu mlinganishe, na mtoto apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake asije akagusa mambo ya viza bila kujua.

Binti yangu alipata B, na mwezi wa kumi maombi ya unesi yakaenda. Mdogo wake bado yuko sekondari, huku hata wao wanaruhusiwa kuchukua somo la koleji mkuu wa shule akikubali, fomu yake nimeshasaini, tunasubiri sahihi ya mkuu tu maana masomo yanaanza Juni.

Mama wa watoto wawili,
San Diego, California