Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: mahindi yapimwe sokoni Kibaigwa, sio kwenye paketi yangu

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Ipagala, hapa hapa Dodoma. Nikija ofisini kwako Mtumba najua nitaambiwa niandike barua, basi naiandika huku wote waisome.

Mimi nasaga unga. Sembe, dona, na unga wa lishe kidogo kwa oda za kina mama wenye watoto wachanga. Sasa usije ukadhani ni yale yale ya wafanyabiashara kulia na leseni na tozo, hapana mkuu, mimi udhibiti wa sumukuvu, ile sumu inayoletwa na kuvu kwenye mahindi, nautaka na nautaka sana, ninachogombana nacho ni mahali mlipouweka.

Turudi 2016 kidogo maana naona watu wameshasahau. Mwaka ule huku Chemba na Kondoa, na upande wa Manyara kule Kiteto, watu walianza kuwa na macho ya manjano, matumbo yanajaa, wanatapika, wengine wakadhani wamerogwa. Hesabu ilivyokuja kutolewa ilikuwa wagonjwa 68 na waliokufa 20. Ilikuwa sumukuvu. Na haikutoka kwenye unga wa kiwandani, ilitoka kwenye mahindi ya watu wenyewe waliyoyaweka ndani kwao, hayana lebo hayana paketi hayajapita kwa mwenye fremu yeyote. Hao 20 hata ungefunga mashine zote za kusaga Dodoma nzima wasingepona.

Huu ukuvu hauanzii kwangu. Unaanza shambani, hindi likipigwa na ukame (na Dodoma ukame tunaujua) linadhoofika, wadudu wanalitoboa, kuvu anaingia, halafu mtu anavuna anamwaga chini kwenye udongo yakauke, mvua ya kuchelewa inayalowesha, anayafunga kwenye kiroba bado yana unyevu. Wataalamu wanasema unyevu usizidi asilimia 13.5 lakini kijijini kipimo ni meno, unang'ata punje ikilia ka! unasema yamekauka. Na sumu yenyewe ukiipika haifi. Ugali uchemke vipi, uji uchemke vipi, iko pale pale. Ukikoboa inapungua kwenye sembe lakini inabaki kwenye pumba, pumba inaliwa na ng'ombe, na kwenye maziwa inatokea tena. (Sisi tunahimizwa tule dona kwa afya, na ni kweli dona ina virutubisho, ila dona ya mahindi mabovu unakula kila kitu na sumu yake.) Kinachonitisha zaidi ni unga wa lishe, maana humo tunaweka mahindi na karanga, vitu viwili ambavyo sumukuvu inavipenda kuliko vyote, halafu anapewa mtoto wa miezi nane kila siku asubuhi na jioni. Hafi leo. Ila sumu hii inahusishwa na kudumaa, na saratani ya ini ndio kabisa haina ubishi.

Sasa njoo kwenye ukaguzi. Wamewahi kuja kwangu maofisa wa taasisi moja, jina naliacha. Wakaangalia choo, wakaangalia rangi ya ukuta, kadi za kupima afya za vijana wangu, wakapima ukubwa wa herufi kwenye lebo. Sawa, choo ni muhimu sibishi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mahindi haya umeyanunua wapi na nani aliyapima. Hata mmoja! Na mwenzangu wa mtaa wa pili anayesaga usiku na kuuza kwenye viroba visivyo na jina hawakumgusa maana hana lebo ya kupimwa herufi. Kwa hiyo ukijisajili unakaguliwa, ukijificha unauza bei rahisi kunizidi, na mteja anamkimbilia yeye. Mnatufundisha nini hapo?

Nakiri mambo yamekuwa nafuu kuliko zamani. Kabla ya 2019 chakula kilikuwa na TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) na TBS (shirika la viwango) wote juu yake, ukimaliza kwa huyu unaanza kwa yule, sasa usalama wa chakula umehamia TBS na TFDA imebaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini hindi kabla halijawa unga ni la nani? Shambani la Kilimo, sokoni la halmashauri, likishaua mtu la Afya, likiingia kwenye paketi ndio linakuwa lako wewe. Hapo katikati, kati ya ghala la mkulima na mashine yangu, halina mwenyewe.

Halafu kuna hii inaniuma. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kelele zikapigwa nchi nzima, baada ya siku chache wakafungua kwa masharti, mzigo uwe na cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Haya, sasa gari la Nairobi linatakiwa cheti. Gari la soko la Majengo hapa Dodoma linatakiwa nini? Kwa maana hiyo mtoto wa Nairobi amewekewa ulinzi na mtoto wa Chemba amewekewa ugali.

Ninachoomba ni kimoja. Kibaigwa, lile soko la kimataifa la mahindi. Pale gari linasimama utake usitake, kuna mizani, kuna ushuru, kuna kijana wa bambo anachoma kiroba kuangalia punje. Mweke hapo hapo mtu mwenye kipima unyevu na vile vibanzi vya kupimia sumukuvu haraka. Tena achome viroba vingi, sio kimoja cha juu, maana sumu haisambai sawasawa, kiroba kimoja kinaweza kuwa safi na cha pembeni yake ni balaa. Na Mtanana, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, serikali ilishajenga kituo cha mambo ya mazao baada ya kuvuna kupitia TANIPAC, mradi wa kudhibiti sumukuvu, kwa hiyo hatuanzi na sifuri.

Ila tafadhali mkuu msikimbilie faini. Hapa ndio kazi ngumu ilipo. Ukimwambia mkulima mzigo wako mbovu rudi nao, unadhani atautupa? Atarudi nao nyumbani ataula na watoto wake, au atatengeneza pombe, au dalali atauchukua kwa bei ya kutupa akauchanganye na mzima ili upite. Sheria itakuwa imefanya kazi sokoni na imeua kijijini, na hiyo ndio 2016 yenyewe. Lazima pawe na hela ya kununua ule mbovu hata kwa nusu bei uteketezwe, na tenga hata sehemu ya ushuru unaokatwa pale pale getini. Bila hilo bora msianze.

Na gharama ya kupima isiniangukie mimi peke yangu wala mkulima peke yake. Akipimiwa apewe karatasi, mimi ninunue kwa karatasi, mkaguzi wenu akija kwangu aanze kuuliza karatasi ndio ahamie kwenye choo.

Mavuno huku ni mwezi wa tano mpaka wa saba. Njoo mwezi wa sita bila msafara, ni barabara hiyo hiyo ya Morogoro unayopita kutoka Mtumba. Wa mizani utamkuta, wa ushuru utamkuta, wa bambo utamkuta. Waulize sumukuvu anapima nani, halafu utujibu na sisi.

Wako,
Msaga unga, Ipagala, Dodoma