Maskati si mwezi mzima

Shoga yangu Maryam,

Assalamu alaykum. Barua yako ya safari yenu ya kuja huku Maskati nimeisoma mara mbili, na nilipofika pale mama aliposema "Maskati ni mwezi mzima, nitafia njiani", nikaiweka chini kwanza. Anasema aliyoyasikia kwa babake. Wazee wale walingoja kusi livume ndipo watweke tanga, na kutoka Unguja mpaka huku zilikwenda wiki tatu, nne, pengine zaidi. Seyyid Said mwenyewe, sultani wa Oman na Unguja, alifia baharini mwaka 1856, akirudi Unguja kutoka huku. Hofu ya mama ina asili yake, usimkemee.

Ila mwambie hivi: kwa mstari ulionyooka, Unguja na Maskati ni kama kilomita 3,900, na ndege ya moja kwa moja huchukua saa tano na ushei. Akishapanda baada ya adhuhuri, chakula cha usiku atakula kwa nduguye.

Sasa tiketi. Saa zinazoandikwa ni za kila mji peke yake, na Maskati iko mbele ya Unguja kwa saa moja. Tuseme mmeondoka saa nane mchana mkatua saa mbili na dakika ishirini usiku: utahesabu saa sita na dakika ishirini. Toa moja. Safari ya kurudi itaonekana fupi, saa nne na kitu. Hapo ongeza moja. Tena tiketi haihesabu saa kama sisi. 14:00 ndiyo saa nane mchana, na 09:00 ni saa tatu asubuhi, si saa tisa. Tafadhali usikose hapo.

Najua mama ataulizia sala kabla ya kuulizia chakula. Ndege inaelekea kaskazini mashariki, yaani inalikimbia jua, na Disemba huku jua linawahi kuzama. Mkiondoka saa nane, magharibi itawakuta angani kwenye saa kumi na moja na dakika ishirini hivi kwa saa yake ya Unguja, karibu saa nzima kabla ya alivyozoea. Asiiweke alasiri akidhani muda bado upo. Ni msafiri, aikusanye na adhuhuri kabla ya kupanda, atulie.

Wakala akikupa bei nafuu ya kupitia Doha, fikiri sana. Doha iko magharibi ya Maskati, kwa hiyo mtapita mbele, mkae uwanjani kungoja ndege nyingine, kisha mrudishwe mashariki. Wewe na mimi tungestahamili, lakini magoti ya mama siyaoni yakikubali. Kama tofauti ya bei ndiyo inayokuzuia, niambie tusaidiane.

Mwombee kiti cha kando ya njia, ainuke kila baada ya muda anyooshe miguu. Na siku mnayokata tiketi omba kiti cha magurudumu, uwanja wa huku ni mkubwa na mwendo wa kutoka ndani ni mrefu.

Bi Zuwena, nduguye mama, sijamwambia bado. Miaka yote hii wamesikilizana sauti tu, sitaki nimpe matumaini kabla tiketi haijakatwa. Niandikie tarehe na namba ya ndege, nami nitakuja naye uwanjani.

Wako,
Salma