Watafsiri wa filamu, tuachieni na ukimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ujumbe watafsiri wa filamu, ambao sauti zao tunazisikia kila siku katika vibanda vya video hapa Mwanza. Jumamosi iliyopita, katika kibanda kimoja cha Kirumba, nilitazama filamu ya zamani ya Yugoslavia inayosimulia jinsi wapiganaji wa Brigedi ya Kwanza ya Proletaria, kikosi cha msituni cha Wakomunisti wa huko, wakiwakimbia Wajerumani, walivyovuka mlima Igman mwishoni mwa Januari 1942, katika baridi iliyoshuka hadi nyuzi 32 chini ya sifuri.

Mtafsiri aliwaita Warusi tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo ningelimezea, maana kwetu sisi watu wa Ziwa theluji yote ni moja. Lililonikera ni kwamba hakunyamaza hata kidogo. Kabla ya kuupanda mlima, watu wale walilazimika kupita usiku kwenye uwanda ulio kando ya mji wa Sarajevo, karibu kabisa na adui, na uhai wao ulitegemea kutosikika. Lakini hapo hapo ndipo ndugu yetu alipokolezea mizaha, akidai kwamba wanaoyumba kwenye theluji wamekunywa gongo. Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu, mvuvi wa dagaa anayejua jinsi kikohozi kinavyosafiri juu ya maji usiku wa giza, aliuliza mbona watu hawa hawasemezani. Hakuna aliyemjibu.

Kama ni lazima kusema, yapo ya kusema. Wapiganaji zaidi ya mia moja waliungua kwa baridi usiku ule, na walipofika mji wa Foča baadhi yao walikatwa vidole vya miguu bila dawa ya ganzi. Kiongozi wao mkuu alikuwa Tito, aliyekuja kuwa Rais wa Yugoslavia, yule yule ambaye mwaka 1970 alikuja Tanzania akapokewa na Mwalimu Nyerere. Wazee waliomo vibandani wangelikumbuka jina hilo mara moja.

Nilimwomba mwenye kibanda atafute nakala isiyo na tafsiri. Alisema hakuna atakayelipa kutazama watu wanaotembea kimya. Mimi na yule mzee tumeshamwahidi viingilio viwili.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza