Kwa Nini Kuna Mkono Katika Kila Picha ya Mwongozo Wetu wa Kabureta

Sisi huchora miongozo ya picha ya kufungua na kusafisha kabureta ya pikipiki, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mteja wetu mwenye duka la spea Kirinyaga Road, Nairobi, alipoona michoro ya agizo lake aliuliza: "Huu mkono ni wa nini? Si mchore kabureta peke yake?" Swali zuri, na si yeye tu anayeuliza, kwa hiyo tunajibu hapa.

Mwongozo wetu wa kwanza haukuwa na mkono. Ulisema "zungusha skrubu ya hewa kulia" (ile inayopima hewa injini inapounguruma polepole), kukawa na mshale, tukaona kazi imekwisha. Tukampa kijana ambaye hajawahi kufungua kabureta, tukakaa kando kimya. Akaishika kabureta kwa upande wake, akafuata mshale ambao sisi tuliuchora tukiitazama kutoka upande wa pili. Alipotakiwa kufunga, akafungua. Hakukosea yeye, tulikosea sisi. Tangu siku hiyo kila picha ina mkono ulioshika bisibisi au spana, ili ujue usimame wapi kabla ya kugusa kitu.

Wengi huja wakiwa na picha walizopiga kwa simu, wakitaka tuziandike namba tu. Picha za simu tunazitumia, lakini kama kumbukumbu yetu. Kabureta ni chuma cha rangi moja ya kijivu. Ukiipiga picha, tundu la jeti ya sailensi, kile kipande kinachopitisha petroli injini ikiunguruma bila kuongezewa mafuta, linapotea kabisa, na hilo tundu ndilo lenye shida pikipiki ikizimika kila ukiachilia mafuta kwenye taa za barabarani. Upana wake haufiki nusu milimita. Kwenye mchoro tunalikuza mpaka likaonekana kama mdomo wa chupa, na kando yake tunachora waya uliopigwa msalaba mwekundu. Jeti ni ya shaba laini. Ukiichokoa kwa waya, tundu linapanuka, na pikipiki inakunywa petroli kuliko ulivyoileta. Iloweke, ipulize kwa upepo wa kompresa, na kabla ya kunyunyiza dawa ya kusafishia toa mipira yote, maana dawa hiyo huivimbisha.

Ukurasa tunaoutesekea zaidi ni wa pistoni ya kabureta, ile inayovutwa na kebo ya akselereta. Ubavuni ina mfuo unaopaswa kukaa juu ya kijino kilicho ndani, na chini ina upande uliokatwa mshazari ambao huelekea kwenye chujio la hewa. Ukiirudisha kinyume haishuki mpaka chini. Unapiga kiki, injini inapiga kelele kwa nguvu zote na kuachilia mafuta hakusaidii. Kwa hiyo hapo tunachora picha mbili, iliyo sawa na iliyokosewa, na tunaandika kwa herufi kubwa: pandisha na shusha kwa mkono, usikie ikigonga chini, ndipo uwashe.

Skrubu ya hewa nayo ina kisanduku kitupu cha kujazwa kwa kalamu. Kabla ya kuitoa, ifunge polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike. Ni jambo dogo, na ndilo mafundi wazoefu hulidharau mpaka jioni.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Pikipiki iliyopangwa vizuri kule pwani ikifika huku hupata petroli nyingi kwa hewa kidogo: plagi inakuwa nyeusi, moshi unanuka. Kwenye sindano ya kabureta, ile inayoning'inia kwenye pistoni na kupima petroli, kuna klipu ndogo inayokaa kwenye mifuo. Ukiipandisha klipu mfuo mmoja sindano inashuka na petroli inapungua. Ukipita kiasi plagi inakuwa nyeupe na injini inachemka, kwa hiyo tunaweka picha ya plagi tatu: nyeusi, nyeupe, na ile ya kahawia unayoitaka. Kuchapisha rangi hizo si bei rahisi, samahani.

Lakini chujio la hewa lililojaa vumbi nalo hutia plagi weusi. Ndiyo maana ukurasa wa chujio tunautanguliza, hata mteja akisema aliagiza kabureta tu. Pia tunatanguliza kufunga koki ya petroli, kufanya kazi mahali penye hewa, na kuweka mbali sigara na jiko la muuza chai.

Kuhusu maneno, tunaandika yale fundi anayoyasema. Boya la ndani ya kikombe cha petroli cha kabureta yeye huliita floti, basi tunaandika floti. Mwendeshaji wa boda akiona petroli inamwagika kwa mpira wa chini akiwa stejini, hatafuti kamusi. Anataka picha inayomwonyesha kwamba uchafu umekwama kwenye sindano ya floti, ile inayofunga njia ya petroli kikombe kikijaa.

Tunatengeneza namna mbili: karatasi kubwa ya ukutani iliyofunikwa plastiki, kwa sababu mikono ya gereji ina petroli na wino hauipendi, na picha moja moja za kutuma kwa WhatsApp, hatua moja kwa kila picha. Malipo ni kwa idadi ya michoro. Pikipiki za umeme hazina kabureta, na zinazopuliza petroli kwa kompyuta bado hatujazifanyia.

Ukitaka kuagiza, tuambie aina ya pikipiki na mwaka wake, kisha utuletee kabureta yenyewe hata kama imekufa. Kama ulishaifungua, weka vipande vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na ile skrubu iliyobaki ulipomaliza kufunga.