Shosti, yule samaki mwenye pete

Mambo shosti wangu,

Samahani kwa kimya, huku baridi mpaka simu inakataa vidole. Ile picha ya nguzo ya taa nje ya kanisa kuu la Glasgow, ukaniuliza huyo samaki kala pete ama vipi, basi kaa mkao nikupe umbea, tena umbea wa miaka kama 1,400.

Ile ndo nembo ya jiji. Kuna ndege, mti, kengele na samaki, na watoto wa huku wana kashairi kao: ndege asiyeruka, mti usioota, kengele isiyolia, samaki asiyeogelea. Yote yanatoka kwa mtakatifu wao Mungo, wa karne ya 6, kaburi lake liko chini ya kanisa hilohilo. Ndege alikuwa wa mwalimu wake, wanafunzi wenzie wakamuua wakamsingizia yeye, akaomba kakafufuka. Haohao wenye kijicho wakaja kuzima moto siku ya zamu yake, akachukua tawi lenye barafu akaomba likawaka. Kengele haina utamu, eti aliipata Rumi, ikapotea wakanunua nyingine 1641.

Sasa samaki! Mfalme Rhydderch kampa mkewe Languoreth pete, mama naye kampelekea askari wake wa pembeni. Mfalme kamkuta jamaa kalala na pete kidoleni, kaivua taratiiibu kaitupa mto Clyde, karudi nyumbani anajifanya hajui kitu: mke wangu, ile pete iko wapi? Usipoileta unakufa. Mama mbio kwa Mungo, kaungama yote, Mungo kamtuma mtawa akavue, samoni aliyeletwa anapasuliwa, pete hiyo hapo!

Yaani mchepuko umekuwa nembo ya manispaa shosti. Karne ya 13 askofu Robert Wishart aliuweka mkasa huo kwenye mhuri wake, na 1866 Lord Lyon, ndo mkuu wa mambo ya nembo Uskoti, akaipitisha rasmi: samaki watatu, kila mmoja na pete mdomoni, utadhani mmoja hatoshi. Mi namwonea huruma yule askari, mama kasitiriwa, yeye kaachwa kalala hapohapo na hakuna anayemuulizia.

Nikija Tanga Desemba nakuletea sumaku ya friji yenye huyo samaki. Shem akiuliza maana yake mwambie tu ni samaki.

Wako,
mimi wa baridini