Skiti ya kambini na ile Remington 11

Ndugu yangu,

Salaam sana. Umeniuliza kwa nini kambi za ndege za jeshi la Marekani zina viwanja vya skiti, ule mchezo wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na kama ile Remington Model 11, bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, unayotaka kuazima klabuni itakufaa.

Nianze na viwanja, maana chimbuko lake ni zito kuliko mchezo wenyewe. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wapiga rashasha wa ndege za mabomu walitakiwa kugonga kitu kinachopita kasi. Shule zao, kama zile za Las Vegas na Tyndall kule Florida, ziliwaanzisha kwa bunduki za marisau, yaani zinazotawanya punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, na visahani vya udongo. Skiti ilikuwapo tayari. Wawindaji wa ndege wa Massachusetts waliibuni miaka ya 1920.

Utakapofika kituo cha nne, mahali pa kusimama kupigia palipo katikati ya nusu duara ya uwanja, utaelewa sababu. Kisahani kinakatiza mbele yako umbali wa mita 19, kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde. Marisau yanatumia takriban sekunde 0.06 kufika. Piga hesabu: kisahani kimeshasogea mita 1.2, na mtutu lazima uwe umekitangulia kwa kiasi hicho. Wengi wanakosa hapa kwa sababu moja. Wanaitazama ile nafasi kati ya mtutu na kisahani, mkono unasita, ndipo wanafyatua, na marisau yote yanapita nyuma. Macho yabaki kwenye kisahani, na mtutu uendelee kuzunguka hata baada ya mlio.

Lakini angani mambo yaligeuka. Mpigaji mwenyewe yuko ndani ya ndege inayokwenda, na risasi yake inaondoka na mwendo wa ndege hiyo. Adui anayemjia kwa kujikunja kutoka ubavuni alipaswa kulengwa upande wa mkia wa ndege ya mpigaji, yaani nyuma ya adui, wala si mbele yake. Aliyezoea skiti tu alikuwa anakosa kwa bidii. Ndiyo maana wanafunzi walipandishwa pia juu ya malori, wakapiga visahani huku lori linatembea. Kwangu hilo ndilo somo bora walilopewa.

Sasa bunduki. Inafaa, ila mtutu wake mzima unarudi nyuma kila ukipiga, na kinachoupunguza nguvu ni vipande viwili chini ya ile mbao ya mbele: kibano cha shaba na pete ya chuma. Fungua kifuniko cha mbele utazame. Vyote viwili vinakaa pamoja na springi kwenye bomba la risasi, lile lililo chini ya mtutu. Kwa risasi nzito, pete inakaa juu ya springi, yaani upande wa mdomo wa mtutu, ikigusana na kibano. Kwa risasi nyepesi za skiti, marisau namba 9, pete inashushwa chini ya springi, upande wa kitako. Ukiacha mpangilio wa nzito, ganda halitoki, linakwama. Ukipiga nzito kwa mpangilio wa nyepesi, mtutu unagonga nyuma kwa nguvu na mbao inapasuka. Kwa hiyo kagua nyufa kabla ya kuipokea. Bomba la risasi lipanguswe, mafuta yawe membamba tu. Likilowa, kibano kinateleza na hakishiki.

Mzunguko mmoja ni visahani 25, boksi moja la risasi. Usipakie mpaka uwe umesimama kituoni, mtutu ukielekea uwanjani.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Rafiki yako